Neno la Mwalimu: Mtoto wetu anaposimama kufundisha kwa Kiingereza

 

Juma hili tunajibu swali lililotoka kwa kikundi kimoja cha akiba. Binti wa mmoja wao amemaliza chuo katika hesabu na fizika. Sasa anataka kuomba nafasi ya kuendelea na masomo ya juu Marekani. Ameelezwa kwamba akipokelewa, masomo yake yatalipwa na atapata posho ya kila mwezi, lakini kwa sharti moja: atafundisha wanafunzi wanaoanza. Na kabla ya kupewa darasa, lazima aonyeshe kwamba Kiingereza chake kinatosha kwa kazi hiyo. Mtihani wa lugha unapita dola 200, bila kuhesabu safari. Mama yake ameomba mkopo kwenye sanduku, na kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema: aliyefaulu hesabu atashindwaje lugha? Wengine wanasema: Kiingereza si lugha yetu, feza itapotea bure. Na mama mmoja akauliza: yeye anakwenda kusoma, kwa nini tena wanataka afundishe?

Tuanze na swali la huyo mama wa mwisho, maana ndilo linafungua yale mengine.

Hapa kwetu Kongo tunamjua asistenti. Ni yule aliyemaliza chuo, akabaki hapo kumsaidia profesa, kusimamia mazoezi na kusahihisha karatasi, huku akiendelea na masomo yake mwenyewe. Marekani nao wanafanya hivyo, lakini kwa wingi zaidi. Vyuo vikuu vikubwa vya huko vina maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na profesa hawezi kukaa na kila mmoja. Kwa hiyo wanafunzi wa udaktari hupewa vikundi vidogo: wanafafanua mazoezi, wanasimamia maabara, wanapokea maswali, wanatia alama. Kwa kazi hiyo chuo huwaondolea malipo ya masomo na kuwapa posho ya kuishi. Kufundisha ndiko kunakomlipia mtoto shule, ili mama yake asiuze shamba. Ndiyo maana kwa mtoto huyu Kiingereza ni chakula.

Sasa, mbona wanamwekea kizingiti cha pili, ikiwa tayari amefanya mtihani wa lugha ili apokelewe? Kwa sababu kuelewa ni kitu kimoja, kueleza ni kingine. Sisi walimu tunalijua hilo vizuri. Tumeona watu wenye akili kali ambao mbele ya darasa wanageukia ubao, wanaandika, wanafuta, na watoto wanatoka kama walivyoingia.

Mitihani inayojulikana zaidi ni TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, na IELTS. Yote miwili inapima mambo 4: kusoma, kusikiliza, kusema na kuandika. Kwa miaka mingi TOEFL ilihesabiwa juu ya 120, kila sehemu 30. Mwanafunzi aliweza kupokelewa kwa jumla ya 80 au 90, lakini kwa kufundisha vyuo vingi viliangalia sehemu ya kusema peke yake na kudai alama za juu, mara nyingi kati ya 23 na 28 juu ya 30. Kwa hiyo mtoto anaweza kufurahi kwamba amepita, kisha akafika na kuambiwa: karibu kusoma, lakini darasa bado. Namna ya kuhesabu alama hubadilishwa mara kwa mara, basi asitegemee hesabu ya rafiki aliyefanya zamani. Aulize chuo chenyewe maswali mawili tofauti: mnataka alama ngapi ili nipokelewe, na ngapi ili nifundishe?

Kizingiti hicho kina historia yake. Katika miaka ya 1980 wanafunzi wengi kutoka nchi za nje walikuwa wakifundisha Marekani, hasa hesabu, sayansi na uhandisi. Wanafunzi wa huko na wazazi wao wakalalamika kwamba hawaelewi wanachoambiwa. Malalamiko yakafika kwa wabunge, na majimbo mengi yakatunga sheria zinazovitaka vyuo kuhakikisha kwamba anayefundisha anasikika. Vyuo vikaanza kupima na kufunza. Mahali pengi leo mwanafunzi mgeni hupewa dakika chache, kama 10 hivi, afundishe somo dogo mbele ya wapimaji. Wanamkatiza kwa maswali kama wanafunzi wa kweli. Akishindwa, anawekwa kwenye mafunzo ya lugha, au anapewa kazi ya kusahihisha bila kusimama mbele ya darasa, kisha anajaribu tena.

Je, wale waliolalamika walisema kweli? Kwa sehemu. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alitangaza jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Wanafunzi walisikilizishwa somo fupi lililorekodiwa kwa sauti moja, ya mtu ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, wakaambiwa ndiye anayesema. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke mwenye sura ya Asia. Sauti ilikuwa ileile na maneno yaleyale. Lakini waliotazama picha ya mwanamke wa Asia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, na hata walipoulizwa juu ya somo walikumbuka kidogo kuliko wenzao. Macho yaliziba masikio.

Tunaliandika hili ili mama ajue jinsi ya kumsaidia mtoto wake. Akipiga simu usiku akisema, "Mama, wanasema hawanielewi," usimjibu mara moja kwamba ni kosa lake. Pengine ni kosa la msikilizaji. Lakini pia usimwambie kwamba wote ni wabaguzi, akae hivyo hivyo. Masikio ya watu hawezi kuyabadilisha kwa siku moja. Kinywa chake na ubao wake anaweza kuvitengeneza.

Na kuna cha kutengeneza. Mtoto wa Masisi hufika kwenye Kiingereza akiwa amepitia lugha nyingi: Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni. Ni utajiri mkubwa, lakini kila lugha inaacha alama yake. Katika Kiswahili sauti yetu hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu sikuzote: kiTAbu, mahaRAgi. Kifaransa hupandisha mwisho. Kiingereza hakina pahali pamoja: wanasema PHOtograph, kisha phoTOgrapher. Ukipandisha sauti pasipo pake, Mmarekani anaweza asitambue neno kabisa, hata kama kila herufi umeitamka vizuri. Huko ndiko kwa kufanyia kazi kwanza. Lafudhi yenyewe si aibu, na hakuna mpimaji mwenye busara anayedai mtu aseme kama aliyezaliwa Chicago.

Tena kuna mitego ya Kifaransa. Sisi tukisema "assister" kwa Kifaransa, tunaweza kumaanisha kuhudhuria somo; kwa Kiingereza "assist" ni kusaidia. "Librairie" ya Kifaransa ni duka la vitabu. "Library" ya Kiingereza ni maktaba. Mwalimu mgeni akiwatuma wanafunzi pasipo, wanapotea.

Kwa mwalimu wa hesabu mitego ni mikubwa zaidi, na vitabu vya lugha havimwonyeshi. Sisi tunaandika mbili na nusu hivi: 2,5. Wao wanaandika 2.5. Binti wetu akiandika 1,250 ubaoni akimaanisha moja na robo, darasa zima litasoma elfu moja mia mbili hamsini. Tunachokiita kwa Kifaransa "milliard", wao wanakiita "billion". Na "billion" ya Kifaransa ni kubwa mara elfu kuliko yao. Hata kugawanya ubaoni hatupangi namna moja: sisi tunaweka kigawanyi upande wa kuume na jibu chini yake, wao wanakiweka upande wa kushoto na jibu juu. Na ile 1 yetu yenye mkia mrefu mbele, wao wanaweza kuisoma 7. Mambo haya yanajifunzwa kwa siku mbili. Lakini asiyeambiwa atafikiri wanafunzi wanamcheka Kiingereza chake, kumbe ni koma tu.

Msidhani ni shida ya Marekani peke yake. Jirani zetu wa Rwanda mwaka 2008 waliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Walimu wengi walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, ikawabidi kufundisha kwa lugha waliyokuwa wanajifunza wenyewe. Mwaka 2011 miaka ya kwanza 3 ya msingi ilirudishwa kwenye Kinyarwanda. Mwaka 2019 serikali ikatangaza tena Kiingereza. Walimu wenzetu waliokimbilia Uganda wanalijua pia. Mtu amefundisha hapa miaka mingi, ana diploma, lakini kule shule ni kwa Kiingereza, naye anakaa nyuma kama mwanafunzi. Na tangu mwaka 2022 Kongo yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako kazi nyingi za ofisi hufanywa kwa Kiingereza. Anayesema kwamba Kiingereza si lugha yetu anasema kweli. Kifaransa nacho hakikuwa lugha yetu, na tumekifundisha.

Lakini msikitupe Kiswahili. Vyuo vikuu vya Marekani kama Yale, Wisconsin-Madison na Michigan State vinafundisha Kiswahili. Mpango wa Fulbright umewachukua walimu vijana, wakiwemo wa Kenya na Tanzania, kwenda kukifundisha huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Ila tazameni: hata anayekwenda kufundisha Kiswahili anadaiwa aonyeshe Kiingereza chake. Mlango ni uleule.

Sasa turudi kwenye sanduku, maana hapo ndipo kikundi kiligawanyika.

Mkopo wa AVEC uliumbwa kwa biashara ndogo. Mama anakopa, ananunua maharagi au viazi hapa, anauza Sake au Goma, anarudisha baada ya mwezi 1, 2 au 3 na faida yake. Feza inazunguka ndani ya mzunguko wa mwaka mmoja, kisha wote wanagawana. Mtihani wa Kiingereza hauzunguki hivyo. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya masomo ya udaktari kati ya mwezi wa 12 na wa 1, na masomo huanza mwezi wa 8 au wa 9. Akifanya mtihani mwezi wa 10, hata kama kila kitu kinakwenda sawa, posho yake ya kwanza itakuja karibu mwaka mzima baadaye. Na kati yake kuna majibu ya chuo, pasipoti na viza, ambayo inaweza kukataliwa hata kwa mwenye alama nzuri.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mkopo wa sanduku usitolewe kwa kutegemea posho ya Marekani. Utolewe tu kama mama anaonyesha kwamba anaweza kuurudisha kwa shamba lake au biashara yake hata binti asipokwenda popote. Kama hawezi, njia iliyo salama ni likelemba: wamama wakubali kumpa zamu yake mapema, naye aendelee kutoa kila juma kama wengine. Hiyo si deni lenye faida, na haigusi feza ya mama mwingine anayengoja kununua mbegu. Sanduku lina kadena 3 na funguo ziko mikononi mwa wamama 3 kwa sababu feza ile ni ya wote.

Lakini kabla ya kutoa hata dola moja, binti afanye haya.

Kwanza, afanye mitihani ya majaribio ya bure. Wenye TOEFL na wenye IELTS wanaiweka kwenye intaneti. Akienda Goma siku moja kwenye intaneti nzuri, anaweza kupakua na kurudi nayo kwenye telefone. Aifanye kwa saa kamili, bila kusaidiwa. Akianguka mbali na alama zinazodaiwa, wangoje mwaka. Akikaribia, basi feza ina sababu.

Pili, asifanye mtihani mapema mno. Alama za TOEFL na IELTS zinahesabiwa kuwa hai kwa miaka 2 tu. Aliyefanya kwa haraka ili awe nayo tayari, anaweza kulipa mara mbili.

Tatu, aulize chuo kama kinakubali mtihani wa bei ndogo. Duolingo una mtihani wa Kiingereza unaofanywa kwa kompyuta nyumbani, chini ya dola 100, na vyuo vingi vinaukubali kwa kupokelewa. Lakini kwa kufundisha, vingine vinadai mtihani mwingine, au vinampima mtu akishafika. TOEFL nayo inaweza kufanywa nyumbani, ila umeme au intaneti ikikatika katikati, taabu ni yake. Kwa wengi wetu kusafiri hadi mji kama Kampala kunabaki salama zaidi, na gharama hiyo iandikwe tangu mwanzo. Aulize pia kama chuo kinaweza kumsamehe malipo ya maombi. Wengi hawaulizi, na wanaouliza wakati mwingine wanapata.

Nne, majina. Sisi Wakongo tuna jina, postnom na prenom. Wao wanataka jina la kwanza na la mwisho. Majina ya mtihani, ya maombi na ya pasipoti yawe sawasawa, herufi kwa herufi. Likipishana, siku ya mtihani anaweza kurudishwa mlangoni, na feza hairudi.

Tano, asinunue cheti. Mjini hawakosi watu wanaosema wanaweza kukutafutia alama. Alama hutumwa na wenye mtihani moja kwa moja kwa chuo. Karatasi uliyouziwa haina kazi. Na hata kama ingepita, siku ya kusimama mbele ya wanafunzi hakuna wa kukusemea.

Nyinyi wamama mna kazi ambayo haihitaji kujua Kiingereza hata neno moja. Mwambieni binti achukue mkaa na ubao wa mlango, awafundishe somo moja la hesabu kwa Kiswahili, dakika 10. Kateni maneno yake: "Hapo sijaelewa. Rudilia. Kwa nini umefanya hivyo?" Akikasirika, hajawa mwalimu. Akitafuta mfano mwingine, wa viazi au wa nauli, ameanza. Kisha afanye somo lilelile kwa Kiingereza, ajirekodi kwenye telefone, ajisikilize. Anayejua kueleza kwa lugha yake amebakiza lugha tu. Asiyejua kueleza, Kiingereza hakitamwongezea kitu. Kikundi kinaweza kumpa nafasi hiyo kila siku ya kukutana, kabla ya kufungua sanduku. Watoto wa sekondari wakae nao wasikilize, maana Kiingereza wanakiona darasani kwa saa chache tu kwa juma.

Tumesikia pia neno lililosemwa pembeni: "Ni msichana, ataolewa, feza itakwenda kwa watu wengine." Kijana wa kiume akiombewa mkopo hatusikii mtu akisema ataoa. Kikundi kipime mkopo kwa uwezo wa kuurudisha, na kimpime binti kwa alama za majaribio yake. Mengine yasiingie kwenye daftari la kikundi.

Juma lijalo tutaongea juu ya madaftari ya watoto waliobadilisha shule kwa sababu ya kuhama: jinsi ya kujua wamefika wapi katika kusoma na hesabu, na mama afanye nini ikiwa bileti ya shule imepotea. Walio na maswali wayape wajumbe wa vikundi vyao kabla ya siku ya soko.

Kazi njema, wamama.